Huduma ya Huruma na Amani ya Moyo

Msomaji mmoja anayesimamia huduma ya wagonjwa na wajane kanisani kwao ameniandikia kwamba siku hizi simu ikilia anapandwa na hasira kabla hata hajaipokea. Anauliza kama imani yake imepoa. Sidhani. Mara nyingi kasoro iko kwenye mpangilio wa huduma, nao hurekebishika.

Soma Kutoka 18. Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni. Yethro, mkwewe, hakumwambia aache kazi wala aongeze maombi. Alimwambia aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, yeye abaki na mashauri mazito. Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, walichaguliwa watu saba. Anayebeba kila kitu peke yake asijiite mnyenyekevu.

Basi andika majina ya wote unaowahudumia, na mbele ya kila jina uweke watu wawili: mhusika na msaidizi. Mtu mmoja asizidi kaya kumi. Msaidizi huyo mwende naye mara mbili au tatu kabla ya kumwachia. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanagawa majina kwenye kikao, lakini mgonjwa hajawahi kumwona huyo mgeni, kwa hiyo anaendelea kukupigia wewe, nawe unaanza kuamini kwamba hakuna mwingine anayeweza.

Sala itangulie simu. Marko 1:35 inasema Yesu alitoka alfajiri kwenda kuomba; Simoni alipomfuata na habari kwamba watu wote wanamtafuta, Bwana aliondoka kwenda vijiji vingine. Tenga nusu saa: zaburi moja, ukimya, kisha majina. Ukijikuta unapanga ratiba katikati ya sala, iandike kwenye karatasi pembeni urudi kwenye zaburi.

Kumtembelea mgonjwa, dakika 20 zinatosha. Zaidi ya hapo unamchosha na wewe unachoka. Siku uliyokaa na wafiwa, usiongeze ziara nyingine nzito.

Fedha ndiyo inayovunja amani kuliko yote. 2 Wakorintho 9:7 yataka kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa, na kukusudia hufanyika kabla ya kuombwa. Tenga fungu la huruma mwanzoni mwa mwezi, ulitoe kama zawadi. Mkopo uliofichwa ndani ya msaada utakufanya umhesabie ndugu yako kila anachonunua. Fungu likiisha, sema: "La mwezi huu limekwisha, nitalifikisha ombi lako kwenye kikundi cha huduma tuone tutakavyosaidiana." Usikope ili utoe. Na ombi lisilo la dharura lijibiwe kesho yake.

Hasira ikikujia hata hivyo, angalia usingizi kabla ya kujihukumu. Eliya alipotamani kufa, katika 1 Wafalme 19, malaika alimpa mkate na maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili. Sauti ya utulivu ilikuja baadaye. Kama hulali vizuri kwa majuma mawili mfululizo, au huguswi tena na machozi ya mtu, mwone daktari, na umwambie mchungaji majina yako yahamishiwe kwa wasaidizi kwa muda.