Umepata ploti ya kulima Nairobi? Mbegu zingoje kwanza

Wengi wetu tunaolima Nairobi tunalima ploti ya mtu. Ni futi hamsini kwa mia, karibu thumuni ya ekari, ambayo mwenyewe alinunua Ruai au Kamulu na bado hajapata pesa za kujenga. Kwa hiyo kabla hujashika jembe, muulize ataleta mawe lini. Akisema baada ya miezi mitatu, panda dania na terere (mchicha), vuna, ondoka. Sukuma huchumwa miezi na miezi, na inauma kuona lori likimwaga kokoto juu ya miche iliyoanza kunenepa. Mwandikiane, hata kwa ujumbe wa simu: kodi ni ngapi, na notisi ni ya muda gani.

Halafu maji. Hapa ndipo mashamba mengi ya mjini hufia, na hesabu yake si ngumu. Wakati wa kiangazi mboga za majani huhitaji kama lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 litataka lita 40 hadi 50, yaani mitungi miwili ya lita 20 na zaidi. Matuta sita tayari ni mitungi kumi na miwili hadi kumi na mitano, kila siku. Kama maji yako ni ya mkokoteni, zidisha bei ya mtungi wa mtaani kwenu, kisha ujiulize kama si nafuu kwenda kwa mama mboga. Ndiyo maana kwenye ploti mpya mimi huanza na matuta mawili tu. Sehemu iliyobaki nafyeka nyasi, naziacha zikauke, halafu natandaza kwenye matuta ili unyevu usipotee. Na usishawishike na maji ya mto yanayopita karibu, wala ya bomba la maji taka lililopasuka, hata ukiona jirani ananyunyizia na spinachi yake inang'aa. Hizo ni mboga utakazolisha watoto.

Udongo nao unategemea uko upande gani wa jiji. Ukiwa Dagoretti au Kabete una bahati: udongo mwekundu, maji yanapita, jembe linaingia karibu wakati wowote. Ukiwa Embakasi, Ruai au Kitengela, kuna uwezekano mkubwa umepata ule mweusi. Ukikauka hupasuka nyufa za kumeza kiganja; ukilowa hukwama kwenye gambuti mpaka mguu hauinuki. Katikati ya hali hizo mbili kuna siku chache tu za kulima. Chota udongo, ukande mkononi: ukifinyangika kama unga wa chapati, rudi nyumbani, ukivunjika mabonge madogo, lima siku hiyo hiyo. Matuta yainue na uchimbe mitaro kandokando, kwa sababu masika udongo huu hushika maji na mizizi ikaoza. Chimba pia mashimo mawili matatu hadi magotini, maana ploti ambazo hazijajengwa ndipo watu humwaga vifusi na maramu.

Samadi ya mbuzi na kondoo huuzwa kwa magunia, na nyingi hutoka upande wa Kajiado. Nunua iliyokauka na kuvunjikavunjika. Ikiwa bado ina harufu kali ya mkojo, ifunike ioze kwanza. Ya kuku ndiyo hatari zaidi, mbichi huunguza mche. Mimi huweka konzi mbili kila shimo, nakoroga na udongo, basi.

Mvua za masika ni Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Sukuma hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6, kwa hiyo sia mbegu mapema, au nunua miche iliyokomaa. Hamisha jioni. Acha sentimita 45 kati ya mche na mche, 60 kati ya mstari na mstari. Ukibana utapata majani ya kulisha sungura. Julai usitarajie mengi, baridi na mawingu huchelewesha kila kitu.

Ukikuta asubuhi mche umelala chini, umekatwa shina, huyo ni sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua udongo palepale, utamkuta amejikunja. Muue. Vidukari huondoka kwa maji ya sabuni ukiwahi mapema, unyunyizie chini ya jani.

Nyanya ziache msimu wa kwanza. Najua hutaki kusikia hivyo. Lakini baridi ya Nairobi huziletea ukungu, na tangu 2014 tuna Tuta absoluta, kiwavi mdogo anayetoboa majani na matunda. Managu (mnavu) ina faida zaidi kwa anayeanza: ikifika kama sentimita 15 ikate ncha, itatoa matawi, uchume tena na tena.

Mwisho, ua. Kuku wa jirani wanafukua, na ukame ukikaza hata ng'ombe wa wafugaji hupita mitaani wakitafuta majani. Senyenge ni ghali kwa ploti ya kukodi, kwa hiyo funga miiba na vijiti, na ujuane na mlinzi wa nyumba inayojengwa kando. Mpe sukuma kila ukichuma, umwachie na namba yako ya simu.