Unga wa kwenye chai hautamwachisha mwanao vepu

Swali: Habari za kazi, daktari. Mwanangu ana miaka 21, yuko mwaka wa pili chuoni hapahapa Dodoma. Mwezi wa tatu nilimkuta na vepu, yaani sigara ya kielektroniki, yenye harufu ya embe; mwanzoni nilidhani ni kalamu ya kupigia mistari daftari. Baba yake alitishia kuacha kumlipia ada, mimi nikawa namtumia video za mapafu yaliyoharibika. Akaacha wiki mbili, akarudia. Jirani amenielekeza kwa mzee anayeuza unga wa kuweka kwenye chai bila mhusika kujua, shilingi elfu themanini. Anasema ndani ya siku saba atachukia moshi wa aina yoyote. Je, unga huo unafaa? Na kama haufai, nitampaje nia ya kuacha? Maana naona hana nia kabisa.
Mama J., Nkuhungu

Jibu: Usiuweke, mama. Usiuweke kwenye chai, wala kwenye uji, wala kwenye mlenda.

Naanza na hilo kwa sababu najua nikizunguka kidogo tu, elfu themanini itakuwa imeshatoka. Huo unga wa "bila mhusika kujua" haukuanza na vepu. Umeuzwa miaka nenda rudi kwa wake za walevi, karatasi zake zimebandikwa kwenye nguzo za umeme, na namba ya simu chini kwa kalamu ya wino mzito. Sasa wauzaji wamenusa kwamba kuna wazazi wenye hofu mpya. Wamebadilisha jina la ugonjwa, unga ni uleule.

Ubaya ni kwamba uongo huu umeota juu ya kipande cha ukweli. Ipo dawa halali inayoitwa disulfiramu, inayotumika kwa walevi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Huzuia kimeng'enya cha ini kinachomalizia kazi ya kuvunja pombe. Aliyeimeza akinywa bia, sumu inayotokea pombe ikiwa imevunjwa nusu hujaa mwilini: uso unawaka, moyo unakimbia, anatapika. Ndiyo maana haipewi mtu asiyejua, kwani asiyejua atakunywa kama alivyozoea, na presha inaweza kushuka mpaka akazimia. Nikotini, kile kitu cha kwenye vepu kinachomfanya mtu aitamani tena, haipiti njia hiyo kabisa. Ini huivunja kwa kimeng'enya kingine, ikawa kotinini, ikatoka na mkojo. Kwa hiyo hata kama unga wa mzee wako una disulfiramu ya kweli ndani yake, kijana ataendelea kuvuta vepu yake bila kuhisi chochote, mpaka siku atakapokunywa bia mbili kwenye sherehe ya mwenzake ndipo uitwe hospitali. Utaniambia mwanao hanywi. Hata vepu ulidhani ni kalamu.

Unga nimeshauzoea. Kilichonifanya nikae chini nikuandikie marefu ni yale maneno yako ya mwisho, kwamba hana nia kabisa. Hayo nayasikia kila wiki kutoka kwa wazazi, walezi wa mabweni, wachungaji, na nasikitika kusema, hata kwa wahudumu wa afya wenzangu. Tumeifanya nia kuwa kitu ambacho mtu anacho au hana, kama kitambulisho cha taifa. Asiyenacho tunamfokea mpaka akipate.

Hebu tuhesabu pamoja. Nikotini hupungua kwa nusu mwilini kila baada ya saa mbili hivi. Arosto, kama vijana wenyewe wanavyoyaita mateso ya kuikosa, huanza ndani ya saa chache, hupanda hadi kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka polepole kwa wiki tatu au nne: hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, kusoma ukurasa mmoja mara tano bila kuelewa, njaa isiyoisha. Mwanao alipita hapo penye mwinuko mkali kuliko pote, peke yake, bila mtu aliyemwambia kinachomsumbua ni nini, huku simu ikimletea mapafu yaliyooza kutoka kwa mama yake. Siku kumi na nne! Asiye na nia hafiki siku mbili. Swali ambalo hujamuuliza ni hili: siku ya kumi na tano kulitokea nini?

Nakisia jibu, kwa sababu majibu ninayopewa hayazidi vidole vya mkono. Aligombana na mtu. Au alikaa geto na wenzake, kitu kikazungushwa, akasema moja tu. Au matokeo yalibandikwa. Au bumu, zile pesa za kujikimu za mkopo wa chuo, liliingia.

Bumu lina somo lake. Ukimuuliza kijana kwa nini anataka kuacha, pesa haikosi kutajwa, na ni sababu nzuri, lakini ni sababu yenye msimu. Wiki mbili kabla ya bumu, kila mtu ana nia ya chuma. Jioni bumu linapoingia, nia ileile inapanda boda kwenda kununua mpya. Ndiyo maana sitegemei sababu moja, na ndiyo maana kumkatia ada kijana hakumwachishi. Atapata hasara ya ada na vepu ataendelea kuiomba kwa wenzake.

Kuna msichana mmoja, nabadilisha mambo mawili matatu asitambulike, aliletwa na shangazi yake akiwa amenuna, mikono kwapani. Shangazi alianza kunisomea mashtaka. Nikamwomba akasubiri kwenye benchi la nje. Nikamuuliza binti swali moja: kutoka sifuri hadi kumi, unataka kuacha kiasi gani? Akasema nne, akiwa amejiandaa kugombezwa. Nikamuuliza, mbona nne, kwa nini usiseme moja? Akakaa kimya kidogo, kisha akatoa ile vepu kwenye kipochi cha penseli, akaiweka mezani, akaanza kuizungusha kwa kidole. "Naamka saa nane usiku kuinyonya," alisema. "Kama mtoto mchanga. Nalala nayo chini ya mto." Akacheka, halafu machozi yakamtoka. Hakutaja mapafu hata mara moja. Alichokichukia ni kutawaliwa na kitu kidogo kuliko kidole gumba chake.

Ningemuuliza kwa nini hajafika kumi, angenipa sababu za kuendelea kuvuta, moja baada ya nyingine, na angeondoka amezishika vizuri zaidi kuliko alivyokuja. Swali nililomuuliza halikutoka kichwani mwangu. Ni sehemu ya mbinu ya mazungumzo aliyoianzisha mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, mwaka 1983, akiwa anatibu walevi. Miaka kumi baadaye yeye na wenzake walionyesha jambo ambalo kila anayetibu kwa makelele alipaswa kulibandika ukutani: kadiri mshauri alivyombana na kumbishia mteja, ndivyo mteja alivyokuwa anakunywa zaidi mwaka mmoja baadaye.

Na hizo video, mama. Nyingi zinatokana na mlipuko wa ugonjwa wa mapafu uliotokea Marekani mwaka 2019. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufariki walifika 2,807, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Ni msiba mkubwa. Lakini chanzo kikuu kilichobainika kilikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi, hasa vya kichochoroni. Mwanao anaweza kulipata hilo kwa dakika mbili kwenye simu yake. Akishakukamata umekosea moja, mengine kumi uliyomwambia kweli yameanguka nayo. Ukweli ulio karibu naye unatosha na hauhitaji kupambwa. Mbio za uwanjani zimepungua, koo linakauka kuliko vumbi la Dodoma lenyewe, na mkono unatafuta mfuko kabla macho hayajafunguka asubuhi.

Hilo la asubuhi mwulize kwa upole. Anayevuta ndani ya dakika tano baada ya kuamka amefungwa kwa kamba nene kuliko anayekaa mpaka mchana, hata kama wote wawili wana nia sawa. Hapa ndipo wazee wetu hushindwa kuelewa. "Babu yangu alitumia ugoro miaka hamsini, siku moja akautupa," aliniambia mzazi mmoja. Sawa, lakini vepu nyingi za sasa zina nikotini ya chumvi. Nikotini ya kawaida ikizidi hukwaruza koo, mtu akaacha mwenyewe. Hii ya chumvi huongezwa asidi ikawa laini, kwa hiyo kijana huvuta kiwango kikubwa bila hata kukohoa. Yenye mililita 10 na asilimia 5 imebeba takriban miligramu 500. Sigara moja humwachia mvutaji miligramu moja hadi mbili tu. Haiishi ikazimwa kama sigara, haina jivu, haimlazimu atoke nje. Hakuna mahali inapomwambia basi.

Kuna kitu kingine kinachokula nia taratibu, nacho ni imani kwamba vepu inampunguzia msongo. Karibu wote huniambia hivyo, na hawadanganyi. Wanachohisi ni cha kweli. Saa mbili tatu bila nikotini, wasiwasi unapanda, wakivuta, unashuka. Wanashukuru vepu kwa kuzima moto ambao imeuwasha yenyewe. Mwaka jana kijana mmoja aligundua hilo wakati wa Ramadhani bila msaada wangu. Wiki ya kwanza ya funga aligombana na kila mtu hosteli. Kufika ya tatu, akashangaa mchana unapita ametulia kuliko miezi yote iliyopita, ila magharibi ikifika anaikimbilia vepu kabla ya tende. Alikuja akaniambia, "Kumbe yenyewe ndiyo stresi." Mimi ningesema hilo mara mia lisimwingie.

Basi fanya hivi. Baba afute lile tishio la ada, na afute kwa mdomo wake. Wewe acha video. Mwombe mwanao radhi kidogo, haitakuvunjia heshima, halafu msifu kwa zile siku kumi na nne na umuulize ya kumi na tano. Sikiliza sababu yake mwenyewe, hata ikionekana ndogo. Akisema ni kwa ajili ya mpira au binti fulani, usiibadilishe iwe saratani. Kisha yeye achague siku, isiwe wiki ya mitihani, na siku ya pili na ya tatu awe na mtu karibu anayejua kwamba ile hasira si ya kwake. Chaja na vyote vitoke chumbani. Mwenzake wa geto akikubali kuacha pamoja naye, umepata nusu ya kazi. Na chonde, asihamie sigara ili "kupumzika".

Dawa zipo, lakini huandikiwa na daktari baada ya kumwona mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani kwa vijana wa miaka 16 hadi 25 waliotaka kuacha vepu. Waliopewa vareniklini pamoja na ushauri, 51 katika kila 100 walikuwa hawavuti katika mwezi wa mwisho wa tiba. Waliopewa kidonge kisicho na dawa pamoja na ushauri huohuo walikuwa 14. Miezi mitatu baada ya dawa kukoma, walikuwa 28 kwa 7. Ziangalie vizuri hizo namba. Hiyo ni dawa iliyopimwa, mtu anajua anachomeza na anataka mwenyewe, na bado wengi walirudia. Halafu mtu anakaa kibarazani na kopo la plastiki anakuahidi siku saba.

Wala si yeye peke yake. Wapo wanaouza maji ya "kusafisha mapafu", kana kwamba mapafu ni bomba la sinki. Wapo wanaouza vepu ya "sifuri nikotini" kama tiba. Huko Australia watafiti walipima vimiminika vilivyouzwa kuwa havina nikotini, wakaikuta humo. Wapo wanaomwambia kijana ahamie shisha, eti ni matunda. Wote wanauza kitu kimoja, njia ya kumwachisha mtu bila kuzungumza naye, na wateja wao wakubwa ni wazazi wanaoogopa mazungumzo hayo kuliko wanavyoogopa vepu. Kijana akija kugundua amekuwa akiwekewa kitu kwenye chai ya nyumbani, hatakunywa tena chai yako, na siku akizidiwa na jambo kubwa kuliko vepu hatakuambia.

Kama pesa ilishatoka kabla hujasoma hapa, usiutupe huo unga wala usimrudishie mzee. Ufunge ukiwa kwenye pakiti yake, andika tarehe na mahali uliponunua, uupeleke ofisi ya TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba. Mwanao akikubali, aje kliniki siku yoyote ya kazi asubuhi. Wewe utasubiri kwenye benchi la nje.