Cherehani Ikigoma, Bisibisi Iwe ya Mwisho

Cherehani za kukanyaga, zile nyeusi za Butterfly na Singer zinazoonekana kwenye vibaraza vya mafundi kuanzia Majengo mjini Dodoma hadi Kongwa na Mpwapwa, haziharibiki ovyo. Ni chuma kitupu. Kinachoharibika ni mpangilio: uzi umeruka kituo kimoja cha kupitia, sindano imegeuzwa, bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, imejazwa vibaya, vumbi limejaa chini. Anayeanza akiona mshono mbaya hukimbilia bisibisi na kuzungusha kila skrubu iliyo mbele yake. Nusu saa baadaye tatizo moja limekuwa matatu, na fundi atalipwa kurekebisha mawili ambayo cherehani haikuwa nayo.

Fuata mpangilio mmoja kila mara: toa uzi wote, wa juu na wa chini, uutunge upya, badilisha sindano, safisha, ndipo uguse tensheni, yaani mkazo wa uzi.

Tatizo linalowasumbua wanaoanza kuliko yote ni uzi kujisokota chini ya kitambaa ukawa fundo, hadi kitambaa kinang'ang'ania na hakitoki. Kwa kuwa fundo liko chini, kila mtu hulaumu bobini. Mara nyingi kosa liko juu. Uzi wa juu haukuingia katikati ya visahani vya tensheni, au haukupita kwenye kile kijimkono kinachopanda na kushuka, kwa hiyo hakuna kinachourudisha juu baada ya sindano kuchoma. Unabaki chini, unajikusanya.

Dawa yake: inua mguu wa cherehani, kile kibanio cha kitambaa, kabla ya kutunga uzi, maana mguu ukiwa chini visahani vimebana na uzi unakaa juu yake badala ya kuingia ndani. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka kijimkono kifike juu kabisa. Tunga uzi kituo kwa kituo. Kisha shusha mguu na uvute uzi karibu na sindano: unatakiwa uvutike kwa ubishi. Ukija kirahisi kama vile mguu uko juu, haujaingia kwenye visahani, rudia. Unapoanza kushona, acha mikia ya nyuzi zote mbili kama sentimita 10, ipeleke nyuma ya mguu, uishike mpaka mishono miwili mitatu ya kwanza ipite.

Kwa cherehani ya kukanyaga kuna chanzo kingine cha fundo: gurudumu kwenda kinyume. Sehemu yake ya juu lazima ije upande wako. Likirudi nyuma hata mzunguko mmoja, uzi unakwama au unakatika. Asiyezoea pedeli atoe uzi na sindano kwanza, akanyage bila kitambaa mpaka mguu wake uzoee kuanza na kusimama bila gurudumu kurudi nyuma. Zoezi hili linachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Mshono unaoruka, sindano ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ilegeze uitoe, laza upande wake bapa juu ya kioo na uangalie mwanga kati ya sindano na kioo. Nafasi ikianza sawa kisha ikabadilika kuelekea nchani, imepinda, itupe. Kupinda kusikoonekana kwa macho kunatosha kuifanya ndoana ya chini, ile inayodaka uzi wa juu, ikose kitanzi cha uzi, na hapo ndipo mshono unaporuka. Unapoweka mpya, isukume juu hadi igote ndipo ukaze. Kuhusu upande, usibahatishe. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja na shina bapa upande wa pili. Tazama kijipete cha mwisho cha uzi kilicho juu ya tundu la sindano: uzi unakotokea ndiko mfereji mrefu uelekee.

Namba za sindano nazo zina kazi yake. Namba 11 ni ya satini na vitambaa vyepesi, 14 ya kitenge, khanga na sare za shule, 16 ya jinsi, na 18 ya turubai au pindo la jinsi lenye tabaka nyingi. Kitambaa cha kuvutika kama cha fulana kinataka sindano yenye ncha ya mviringo. Ya kawaida itaruka hata ikiwa mpya. Dukani sema unataka ya shina bapa, maana zile za cherehani za kiwandani zina shina la mviringo.

Sasa tensheni. Tunga uzi mwekundu juu na wa bluu chini, shona kipande cha marekani nyeupe kilichokunjwa mara mbili. Wekundu ukijitokeza chini, uzi wa juu umelegea, kaza. Bluu ikijitokeza juu, umekazwa mno, legeza. Cherehani yenye namba za tensheni ianzie 4. Kikasha cha bobini kipime kwa kukining'iniza kwa uzi wake: kisiteremke chenyewe, lakini ukishtua mkono kidogo kishuke kidogo. Ile skrubu yake ndogo izungushwe robo mzunguko kwa wakati, si zaidi, na ufanye hivyo juu ya sahani, maana ikidondoka kwenye sakafu ya udongo umeipoteza.

Baada ya kujaza bobini, kama gurudumu linazunguka na sindano imesimama, cherehani haijafa. Ulilegeza kile kitufe kikubwa katikati ya gurudumu na hukukikaza tena. Kitambaa kisipotembea, angalia kwanza kama kipimo cha urefu wa mshono kiko kwenye sifuri, kisha kama meno yanayosukuma kitambaa yamezibwa. Pedeli ikiteleza, mkanda wa ngozi umelegea: kata kama nusu inchi, uunge tena kwa kishikizo chake. Usiukaze sana, utakuchosha miguu.

Vumbi la huku kwetu linastahili aya yake. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna na upepo haupumziki, na cherehani inayokaa kibarazani inakula vumbi kutwa. Fungua bamba chini ya mguu, kwa kawaida lina skrubu mbili, na utaona kati ya meno kitu cha kijivu kilichogandamana kama kipande cha blanketi: ni nyuzinyuzi za kitambaa, mafuta ya zamani na vumbi. Kitoe kwa ncha ya sindano, malizia kwa mswaki mkavu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu. Kisha tia mafuta ya cherehani, tone moja kila tundu la mafuta na moja kwenye njia ya ndoana, kanyaga bila uzi dakika mbili, shona kitambaa chakavu mpaka madoa yaishe. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Iliyokuwa imeganda itie matone ya mafuta ya taa mbali na moto, izungushe kwa mkono mpaka ilegee, ifute, ndipo utie mafuta yake. Cherehani za umeme zenye plastiki nyingi zichomoe kwanza, na usome kijitabu chake, nyingine hazitiwi mafuta kabisa. Jioni ifunike.

Umefanya yote na bado inaruka? Ondoa bamba, zungusha gurudumu polepole. Sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda kama milimita 2, ncha ya ndoana inapaswa kupita ubavuni mwake, juu kidogo ya tundu. Ikiwahi, ikichelewa au ikipita mbali, majira yake yamehama, na hiyo ni kazi ya fundi. Mpelekee pamoja na uzi, sindano uliyotumia na kipande chenye mshono mbovu. Usikifumue.