Ukaguzi wa mwisho wa nyumba yangu ya Lushoto, na vitu vitatu nilivyovifukia mapema

Jumanne ya wiki iliyopita nilikabidhiwa barua ya kuruhusiwa kuhamia katika nyumba niliyoijenga pembezoni mwa mji wa Lushoto. Jioni ya siku hiyohiyo, nikiwa ndani ya basi la kurudi Tanga na barua nimeikunja ndani ya mkoba, uliingia ujumbe wa dada mmoja wa Korogwe ambaye amenunua kiwanja cha mteremko huko Bumbuli, chenye kijito upande wa chini, na anataka kujua aanzie wapi. Basi lilikuwa linateremka kona za Soni, kwa hiyo nilimjibu kwa maneno machache tu. Leo namjibu kwa urefu, na ninawajibu pia ninyi nyote ambao, kama mimi, mmeishi umri wenu katika joto la pwani mkiota nyumba ya mahali ambapo mtu hujifunika blanketi mbili mwezi wa Julai.

Kabla ya ushauri, nitasema ukweli. Nyumba hii ilikataliwa katika ukaguzi mara ya kwanza. Ilikataliwa ikiwa imekwisha kupakwa rangi, vioo vimewekwa, mapazia yametundikwa na wageni wa kwanza wamekwisha kualikwa. Niliwapigia simu mmoja mmoja kuwaambia wasije, na simu iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa ya shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, ambaye mwaka 2018, katika kikao cha ukoo, alisema kwamba fedha za marehemu ninakwenda kuzimwaga korongoni. Safari hii hakusema neno. Alicheka kidogo, akakata simu. Nimemsamehe mengi, lakini kicheko kile bado nakisikia.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari mojawapo ya Jiji la Tanga. Nilijenga bila mkandarasi: nilikuwa msimamizi, mnunuzi na mtunza hesabu, na katika likizo za Juni na Desemba nilikuwa kibarua pia, nikibeba mawe ya msingi na kumwagilia zege asubuhi na jioni. Saruji niliinunua Tanga na kuipandisha kupitia Muheza, Segera na Mombo, kisha kilomita zipatazo 33 za mlima kutoka Mombo hadi Lushoto. Kuta zilisimama mwaka 2020 na paa likapigwa mwaka 2022. Habari za tofali, lenta na kenchi sitazisimulia, kwa sababu aliyejenga Pongwe au Chumbageni anazijua, na milimani hazibadiliki sana. Kinachobadilika ni kwamba ardhi imeinama na maji yako safarini wakati wote.

Jirani yangu wa upande wa juu ni mzee wa Kisambaa mwenye shamba la maharage na kabichi lililokatwa matuta kutoka juu hadi chini, na kila ukingo wa tuta umepandwa majani ya Guatemala ambayo huushika udongo na kuwalisha ng'ombe wake. Siku tulipoanza kuchimba msingi alikuja, akasimama na jembe lake begani, akaniambia, “Mwalimu, hapo unapoweka ukuta ndipo maji ya kwangu yanapopita masika.” Nilimshukuru kwa heshima zote kisha nikaendelea na mchoro wangu. Nilidhani ukuta imara utayazuia. Maji hufuata mkondo, na mimi niliujenga ukuta katikati ya mkondo.

Ukuta huo wa kuzuia udongo una kimo cha mita 2 na urefu wa mita 14, wa mawe na saruji, nyuma ya jiko. Fundi wa kwanza aliujenga vizuri kwa macho, akaujaza nyuma kwa udongo uleule uliochimbwa, bila kokoto na bila tundu hata moja la kutolea maji. Mwishoni mwa mwaka 2023, zilipokuja mvua za El Niño, ulitokea ufa wa mlalo, mwembamba, karibu na kitako. Niliupima kwa rula: milimita 3. Nilipaswa kusimama hapo. Badala yake nilimwambia fundi aupige plasta, kisha nikaupaka rangi ya maziwa, na kwa miezi mingi kila nilipopita nyuma ya jiko sikuutazama.

Sasa nifanye hesabu ambayo nimeifundisha darasani zaidi ya miaka 20 na ambayo sikuifanya nyumbani kwangu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1. Maji yakisimama nyuma ya ukuta wa mita 2, msukumo wake juu kabisa ni sifuri na chini kabisa ni tani 2 kwa kila mita ya mraba, yaani wastani wa tani 1. Zidisha kwa kimo, utapata tani 2 zinazousukuma ukuta kwa kila mita moja ya urefu wake, mbali na udongo wenyewe. Kwa mita 14 hizo ni tani 28. Mkaguzi alipofika hakuhitaji hesabu hii. Alipita nyuma ya jiko, akagonga plasta kwa ufunguo wa gari, akasikia mahali inapolia kama debe tupu, akaniuliza, “Mama, hapa mmeziba nini?” Nilimweleza kila kitu, kwa sababu sikuwa na la kuficha tena.

Kosa la pili liliniumiza zaidi, maana lilitoka kwa mtu niliyemwamini. Fundi wa umeme, ambaye alikuwa na leseni na ambaye watoto wake niliwafundisha bila malipo kipindi cha likizo, aliniambia kwamba fimbo ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ameizamisha yote, urefu wa mita 1.2, kwenye kona ya nyumba, na juu yake akaweka kifuniko cha saruji. Mkaguzi wa umeme alikivunja kile kifuniko, akainama, akaishika fimbo kwa vidole viwili na kuinyofoa kama mhogo wa kwenye mchanga. Ilikuwa na urefu wa kiganja na nusu. Fundi alikuwa amekuta mwamba, akaikata fimbo kwa msumeno, akafukia kipande na kuondoka na fedha yake yote. Milimani radi hupiga karibu, na katika nyumba isiyo na ethi ya kweli, waya ukigusa bodi ya jokofu au ya pasi, umeme hukosa njia ya kwenda ardhini na humsubiri mtu. Wajukuu zangu walikuwa wamekwisha kulala katika nyumba ile siku mbili. Nilimpigia fundi yule simu mara nyingi na hajapokea hadi leo.

La tatu lilikuwa shimo la kunyonya maji taka. Afisa afya aliniuliza liko wapi, nikamwonyesha bustani ya maua. Aliniuliza liko umbali gani kutoka kwenye chemchemi ya majirani wa chini, nikashindwa kujibu, tukapima kwa futi kamba: mita 19, na chemchemi iko chini ya shimo. Ushauri wa kawaida ni angalau mita 30, na kwenye mteremko mkali mtu mwenye busara huongeza. Tulilifukua, tukalihamishia upande wa pili. Maua yalikufa.

Mkiyatazama makosa hayo matatu mtaona kwamba ni kosa moja. Yote yalikuwa mambo yaliyofunikwa kabla mwenye jukumu la kuyaona hajayaona. Faili langu la kibali cha ujenzi lilikuwa na karatasi ya ukaguzi wa hatua kwa hatua, yenye nafasi ya saini kwa msingi, kwa lenta, kwa paa na kwa maji taka, na kwa miaka yote hiyo saini zilikuwa mbili. Mafundi waliniambia kwamba kumsubiri mkaguzi ni kulipa vibarua wakae bure, na kwamba atakapokuja siku ya mwisho ataiona nyumba nzima. Siku ya mwisho mkaguzi haoni nyumba nzima. Anaona rangi. Ndiyo maana hugonga, huvunja, hunyofoa, na ana haki.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, mdogo wangu wa Korogwe, ni huu: usifunike. Usifukie msingi kabla haujakaguliwa, usijaze udongo nyuma ya ukuta kabla hujayaona matundu kwa macho yako, usimwachie fundi wa umeme aweke saruji juu ya kitu ambacho hukukiona kikiingia ardhini. Siku mbili za kumsubiri mkaguzi zitakugharimu posho ya vibarua wanne. Mimi wiki saba za kufukua zimenigharimu shilingi 2,400,000 na likizo yangu yote, na bado nasema nimepona kwa bei nafuu, kwa sababu ukuta ule ungeweza kuanguka usiku juu ya jiko. Ikiwa mkaguzi amechelewa, piga picha ukiwa umeweka rula au futi kamba kando ya kitu, zihifadhi, kisha endelea kumsubiri. Na wanawake wenzangu mnaojenga peke yenu, msione haya kuuliza mara ya tatu na ya nne. Mafundi watasema mama huyu ana maneno mengi. Waache waseme, nyumba ni yako na wanaolala ndani ni wanao.

Umeniuliza uanzie wapi. Anzia kwenye mvua. Usichore kitu kabla ya masika. Nenda Bumbuli mwezi wa Aprili, mvua ikiwa inanyesha, usimame kiwanjani na mwamvuli saa nzima, utazame maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, kisha uwaulize wazee wa pale, na wakikujibu uwasikilize kuliko nilivyomsikiliza jirani yangu. Kuhusu kijito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo pima kabla hujapeleka hata tripu moja ya mawe. Kisha hesabu maji ya paa lako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu lina mita za mraba 130, na mvua ya usiku mmoja ya milimita 50 inateremsha lita 6,500, ambazo mwanzoni, kwa kuwa sikuweka gata, nilikuwa nazimwaga mwenyewe nyuma ya ukuta wangu. Sasa zinaingia kwenye tangi la lita 5,000, na zinazozidi zinapita kwenye mfereji wa mawe hadi kwenye majani ya Guatemala niliyopewa na mzee.

Marekebisho ya ukuta yalifanyika hivi. Tulichimba handaki nyuma yake, kwa jembe, polepole, tukianzia pembeni, tukatoboa matundu kila baada ya mita moja na nusu karibu na kitako, tukapitisha mabomba ya inchi 3 yaliyoinamishwa kuelekea nje, tukajaza kokoto badala ya udongo, na juu yake tukaweka mfereji wa kuyakata maji ya shambani kabla hayajafika. Mahali penye ufa palibomolewa na kujengwa upya. Ethi mpya iliwekwa na fundi mwingine upande wa chini wa nyumba, penye udongo wenye unyevu, fimbo mbili zilizounganishwa, nami nilichuchumaa pale nikihesabu nyundo hadi zote mbili zilipozama.

Mkaguzi alirudi asubuhi yenye ukungu. Hakutazama mapazia. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akaomba debe la maji, akalimwaga juu ya kokoto, akaomba la pili, na la tatu. Tulisimama tukiangalia mabomba, mimi, yeye na mzee jirani ambaye alikuwa amekuja bila kuitwa. Ilipita dakika nzima bila kitu. Kisha bomba la nne kutoka kushoto likaanza kudondosha, likafuata la tano, maji yakatoka safi bila tope na kuteremka kwenye mfereji. Mkaguzi aliiegemeza karatasi yake kwenye tangi, akatia saini.