Nafundisha kwa Zoom, wote wamezima kamera

SWALI: Habari dada. Mimi nafundisha viongozi wa SACCO (vyama vya akiba na mikopo) za wakulima wa kahawa huku Kasese, Uganda, na siku hizi mafunzo mengi ni ya Zoom. Wanaingia vizuri tu, lakini kamera wamezima, maiki wamefunga, nikiuliza "mnanipata?" kimyaa. Naongea peke yangu kama redio. Nifanyeje? – Mwalimu, Kasese

JIBU: Pole mwalimu. Kwanza hizo kamera waachie. Video inakula MB, na tangu Julai 2021 ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilipofutwa tukawekewa ushuru wa asilimia 12 kwenye data yenyewe, sasa mtu wa Bwera mwenye bando ndogo akiwasha kamera si itaisha hujafika hata kwenye mikopo? Wewe ndio usizime, na ukae ukiangalia dirisha, ukiligeuzia mgongo watakuona kivuli tu.

Shida iko kwa swali lako. "Mnanipata?" kila mtu anangoja mwenzake ajibu. Uliza kitu cha kazi yao, jibu liwe herufi moja kwenye chati: mwanachama amekopa milioni moja, amelipa miezi miwili akapotea, (A) unamfuata nyumbani, (B) unampigia mdhamini, (C) unangoja mavuno? Halafu nyamaza. Hapo ndio walimu wengi wanashindwa, wanajijibu wenyewe haraka haraka, kumbe mtandao unachelewa na mtu bado anatafuta pa kuandikia kwenye simu. Majibu yakiingia yasome na majina, "mzee wetu wa Kilembe anasema B, mzee, kwa nini mdhamini kwanza?" Huyo atafungua maiki, na wa C hatakubali kunyamaza, hapo sasa mafunzo yameanza.

Slaidi yenye mistari 12 kwenye simu haisomeki jamani, weka picha ya ukurasa mmoja wa daftari la mikopo muijadili, hayo maandishi mengine tuma WhatsApp siku moja kabla. Na kama ni Zoom ya bure, una dakika 40 tu, kwa hiyo salamu za mwenyekiti na kutambulisha wageni waheshimiwa (tunavyopenda hayo mambo!) zimalizikie huko kwenye grupu.

Tafuta pia mtu mmoja wa kukusomea chati, na kama Zoom yako ni ya kulipia umpe na uko-host (awe mwendeshaji mwenza), umeme ukikatika kwako yeye aendelee.