Piga Picha ya Karatasi Nzima, Usiishie Kwenye Mchoro

Wanaoniandikia kuhusu kazi ya kuskani vitabu adimu na michoro ya kale huku Ulaya huanza na swali lilelile: unatumia kamera gani? Jamani, kamera utaikuta studio, imeshafungwa kwenye nguzo yake, na mtu wa kukuelekeza utapewa. Mwezi haujaisha utakuwa umeizoea. Kinachochelewa kuingia kichwani ni jambo jingine, nalo ndilo linalotenganisha skani ya kumfaa mtafiti na picha ya kupamba ukuta. Wewe hupigi mchoro. Unapiga karatasi ambayo juu yake kuna mchoro.

Nimeifanya kazi hii katika maktaba ya chuo kikuu nchini Ujerumani, na mfano ninaowapa wageni ni huu unaotugusa watu wa pwani. Mwaka 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha mjini Cologne juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha picha za miji ya dunia ambacho juzuu zake zilifika sita, ya mwisho ikitoka 1617. Katika juzuu hiyo ya kwanza kuna karatasi pana yenye Aden juu, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Mswahili akiwekewa karatasi hiyo mezani, hamu yake ya kwanza ni kusogeza kamera aipate Kilwa peke yake, ijae kioo kizima. Hamu hiyo iweke kando kwanza.

Geuza karatasi. Nyuma kuna maandishi, na maandishi hayo yanaweza kuwa ya Kilatini, Kijerumani au Kifaransa, kwa sababu kitabu kilitolewa kwa lugha hizo zote huku mabamba ya shaba yaliyochongwa picha za kuchapia yakiwa yaleyale. Kwa mbele, nakala mbili zinaweza kufanana usijue ipi ni ipi. Ukisoma nyuma ndipo unapoanza kujua karatasi yako imetoka katika toleo gani. Na wauzaji wa vitu vya kale wamechana nakala nyingi za vitabu vya aina hii wakauza karatasi mojamoja, kwa hiyo mara nyingi huna jalada wala ukurasa wa jina wa kukusaidia. Rangi nazo ni hivyohivyo. Zilipakwa kwa mkono baada ya kuchapwa, kwa nakala zilizopakwa, hivyo bluu ya bahari ya Kilwa unayoiona kwenye tovuti ya maktaba moja ni bluu ya nakala ile tu. Kwa hiyo piga mbele, piga nyuma, na acha ukingo wote wa karatasi uonekane pande nne, na utepe wa mandharinyuma kuizunguka. Kukata baadaye ni rahisi. Kilichokatwa mwanzoni hakirudi.

Kwa michoro ya mkono, nyuma ni muhimu zaidi bado. Karatasi ilikuwa ghali, msanii alichora pande zote mbili. Michoro ya Michelangelo iliyoko makumbusho ya Teylers, Haarlem, Uholanzi, ina karatasi za namna hiyo. Halafu kuna mihuri midogo ya wakusanyaji, pengine pembeni, pengine nyuma, ambayo ndiyo inayosimulia mchoro umepita mikononi mwa nani. Frits Lugt, mkusanyaji wa Kiholanzi, alichapisha kamusi ya mihuri hiyo mwaka 1921, na leo inasomeka bure mtandaoni. Muhuri mmoja uliofifia kwenye kona, ambao wewe ungeona ni doa, unaweza kumwokolea mtafiti safari ya Paris.

Sasa mwanga. Taa mbili zilizosawazishwa, moja kila upande, ndizo desturi, na kwa ukurasa wa maandishi zinatosha. Kwa chapa ya bamba la shaba zinaficha kitu. Bamba likikandamizwa na mtambo huacha mbonyeo kuizunguka picha, na mwanga wa pande mbili huufuta kabisa. Zima taa moja, teremsha ya pili iwe karibu usawa wa meza: mbonyeo, mikunjo na mikwaruzo vyote vinajitokeza, jinsi jua la saa kumi na moja jioni linavyoanika mashimo ya barabara. Piga picha ya ziada hapo. Ukiwa na muda na ruhusa, piga nyingine mwanga ukipita chini ya karatasi, ili alama ya maji ya mtengeneza karatasi ionekane. Rembrandt, msanii wa Kiholanzi, alifariki 1669, lakini mabamba yake yaliendelea kuchapwa na wengine baada yake. Alama za maji ni miongoni mwa vitu vinavyowasaidia wataalamu kujua chapa ipi ilitoka akiwa hai. Msimamizi akikwambia hakuna bajeti ya picha za ziada, omba angalau kwa chapa zilizoagizwa na watafiti. Mimi huomba kila mara, na mara nyingi hukubaliwa.

Mchoro wa chaki, makaa au pasteli usiulaze kifudifudi, usiubane kwa kioo, na skana ya mezani iache kwa risiti za ofisi.

Vitabu vina shida yao: havipendi kufunguliwa. Kitabu cha karne ya 16 chenye uti mkavu ukikilazimisha kilale bapa, utausikia ukipasuka. Ndiyo maana studio nyingi zina kitanda cha umbo la V kinachokishikilia kitabu kikiwa wazi nyuzi 90 au zaidi kidogo. Huko Wolfenbüttel, Ujerumani, kwenye maktaba iliyoanzishwa mwaka uleule wa 1572, walibuni kifaa kinachotumia kioo cha kuakisi, na kitabu kinafunguliwa nyuzi 45 tu. Kama mhifadhi ameandika nyuzi 90, ni 90, hata kama herufi mbili zinazama kwenye mshono. Na zile glovu nyeupe za kwenye sinema? Kwa karatasi tunatumia mikono mitupu, iliyooshwa na kukaushwa vizuri, maana glovu hukunyima hisia za vidole na ukurasa huchanika. Karatasi zilizokunjwa, ramani hasa, zifunguliwe hata kama zinakuharibia kasi ya siku. Katika skani za haraka zilizofanywa kwa mamilioni zimo ramani nyingi zilizopigwa zikiwa zimekunjwa vilevile, na msomaji wa Tanga au Muscat hana namna ya kuzikunjua. Kurasa tupu pia zipige. Bila hizo hakuna atakayejua kama ukurasa haukuwa na kitu au wewe uliuruka.

Kuhusu namba, usibabaike. Kanuni za DFG, shirika la Ujerumani linalofadhili utafiti, zinaweka pikseli 300 kwa inchi kuwa kiwango cha chini, kwa ukubwa halisi wa kitu. Karatasi ya sentimita 40 kwa 50 kwa kiwango hicho inatoa faili la picha la aina ya TIFF lenye megabaiti 84 hivi. Ukipandisha hadi 600 faili linakua mara nne, na mtu wa seva atakutafuta. Kadi ya rangi na rula viwemo kwenye picha, kando ya karatasi, kamwe si juu yake.

Kuhusu hakimiliki mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani. Desemba 2018 mahakama ya juu ya shirikisho ya Ujerumani ilikubali hoja ya jumba la makumbusho la Mannheim kwamba picha zake za kazi za sanaa za kale zina ulinzi wa kisheria. Lakini mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ukapitisha Maelekezo 2019/790, ambayo kifungu chake cha 14 kinasema nakala ya kawaida ya kazi ya sanaa iliyokwisha muda wa hakimiliki haizai haki mpya, na Ujerumani ikabadilisha sheria yake 2021. Hata hivyo soma masharti ya kila tovuti, na ukipata unachokihitaji kipakue pamoja na namba yake ya rafu, ile ambayo maktaba inakitambulisha nayo. Shambulio la mtandaoni la Oktoba 2023 liliiacha British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, bila huduma zake za kidijiti kwa miezi, na waliotegemea kiungo peke yake walikwama.

La mwisho ni kwa msomaji ambaye hatashika kamera kamwe. Kwenye bamba la Braun na Hogenberg imeandikwa Quiloa, Mombaza, Cefala, na mkutubi akiyanakili hivyo tu, atakayetafuta Kilwa hatapata kitu. Ukikuta kasoro ya namna hiyo, iandikie maktaba: taja namba ya rafu, namba ya picha, jina linalotumika leo, na chanzo kimoja cha kuthibitisha. Mistari minne inatosha, kwa Kiingereza au lugha ya hapo. Barua ndefu za kulalamikia historia huwekwa pembeni zisubiri mtu mwenye nafasi. Ombi fupi lenye namba ya rafu hushughulikiwa na yeyote aliye zamu.