Je, mapanga chakavu ya turbini ya upepo yanafaa kujengea daraja?

SWALI: Mhandisi, pole na kazi. Kikundi chetu kimeahidiwa mapanga mawili ya turbini ya upepo yaliyozunguka miaka 20. Tunataka yawe mihimili ya daraja la waenda kwa miguu, mita 8. Mwenzetu anasema ni heri yayeyushwe, itengenezwe plastiki nyingine. Nani yuko sahihi, na tukate wapi?

JIBU: Shikilieni daraja. Panga la umri huo haliyeyuki. Ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ya epoksi au poliesta, na gundi hiyo ikishakauka ni kama chungu kilichokwisha kuchomwa: hakirudi kuwa udongo. Ndiyo sababu mapanga mengi yamekatwa na kufukiwa, kama yale ya Casper, Wyoming, huko Marekani, wakati chuma na shaba ya mitambo hiyohiyo hupata wanunuzi. Inaniuma kila nikiona picha zile, maana kinachofukiwa ni mhimili ambao bado una nguvu. Szprotawa, Poland, walisimamisha daraja la mapanga mwaka 2021. Kaunti ya Cork, Ireland, wakafuata mwaka 2022.

Sasa mahali pa kukata. Nguvu ya panga haikuenea sawasawa. Ganda la pembeni ni tabaka mbili nyembamba zilizobana mbao laini ya balsa au povu gumu. Ila katikati, juu na chini, utaona mikanda miwili minene ya nyuzi zilizolala kwa urefu, ikiunganishwa na kuta za ndani. Mhimili wenyewe ndio huo. Boliti zote zipite kwenye mikanda hiyo, na chini ya kila nati uweke bamba pana la chuma. Ukikaza kwenye ganda, litabonyea. Shina la duara limejaa vyuma, liacheni. Ncha nayo iacheni, ndiko radi hupiga. Tena panga limesokotwa kidogo tangu shina hadi ncha, kwa hiyo vipande vyote viwili vitoke umbali uleule kutoka shinani.

Kabla ya kukata, chukueni sarafu mgonge ganda kila baada ya sentimita chache huku mkisikiliza. Palipo pazima hulia kwa sauti kavu, kali. Palipoachana tabaka hulia bubu, kama kugonga boksi. Pazungushieni chaki. Kagueni zaidi ule ukingo mwembamba wa nyuma, nusu mbili za ganda zinapogundishwa, kwani ndipo hupasuka mapema.

Mkiona nyuzi nyeusi ndani, hiyo ni kaboni. Isigusane na chuma bila kizuizi katikati, la sivyo chuma kitaliwa na kutu upesi.

Kateni kwa msumeno wa almasi huku maji yakitiririka. Vumbi lake ni kioo: huwasha ngozi na kudhuru mapafu, hivyo barakoa ya kitambaa haitoshi, vaeni ya kuchuja vumbi laini. Siku hiyohiyo zibeni kingo kwa resini. Balsa ikinywa maji huoza kimyakimya ndani, nje pakibaki panang'aa.

Katika hesabu, msihofie sana kuvunjika. Panga hilo limekwisha kupinda na kunyooka zaidi ya mara milioni 100. Tatizo litakuwa kunesa, kwa kuwa nyuzi za kioo, hata kwa urefu wake, zina ukakamavu wa takriban moja ya tano ya chuma. Mhandisi wa miundo apime sampuli ya mabaki yenu maabara, kisha daraja lipakiwe mifuko ya mchanga hatua kwa hatua, mkipima limeshuka milimita ngapi na kama linarudi mzigo ukiondolewa.

Mabaki yapelekeni kiwanda cha saruji kinachopokea taka za aina hii. Gundi huwaka tanuruni badala ya makaa, na kioo huingia kwenye saruji yenyewe.